SOMO: MLINZI WA JAMII ANA MAMLAKA GANI, NA YANAISHIA WAPI?



Katika mikutano ya vijiji vyetu kuna swali linalorudi kila mara: "Hawa vijana wa ronde wameruhusiwa kufanya nini?" Mmoja anauliza kwa sababu ameibiwa, naye anaona walinzi hawafanyi ya kutosha. Mwingine anauliza kwa sababu ndugu yake alifungwa kamba usiku kucha, akaachwa asubuhi baada ya familia kutoa pesa. Hata walinzi wenyewe wanauliza. Wamepewa filimbi, tochi na fulana, lakini wengi hawajaelezwa vizuri mahali kazi yao inapoanza na mahali inapokwisha. Somo hili ni kwa wote watatu.

Jibu kwa kifupi ni hili: mlinzi wa jamii ana kazi tatu, nazo ni KUONA, KUITA na KUKABIDHI. Hana kazi ya kuhukumu wala ya kuadhibu. Akivuka mpaka huo, sheria inamhesabu kama mtu mwingine yeyote aliyempiga, aliyemfunga au aliyemnyang'anya mwenzake. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha msomee na jirani asiyejua kusoma.

1. MLINZI WA JAMII NI NANI?

Katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda, kama vile Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, wakimbizi na wenyeji huchagua watu wa kusaidia usalama wa kijiji. Majina ni mengi. Sisi tuliotoka Kongo tunasema "watu wa ronde". Wale waliopitia kambi za Tanzania wanasema "sungusungu". Wengine wanasema "wazuia uhalifu", jina lililoenea sana kati ya mwaka 2014 na 2016, wakati polisi ya Uganda ilipofundisha raia wengi katika wilaya zote.

Jina si kitu. Kilicho muhimu ni kujua kwamba mtu huyo si polisi. Hakuapishwa kama polisi, hana cheo cha polisi, na fulana aliyopewa haimpi mamlaka ya polisi. Ni raia au mkimbizi anayejitolea kuisaidia jamii yake. Mamlaka aliyo nayo ni yale ambayo sheria inampa kila mtu, mimi na wewe pia. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye yuko macho usiku, amefundishwa kidogo, na anajua namba ya simu ya kituo.

Vilevile tusimchanganye na viongozi wetu wa RWC, kuanzia RWC 1 ya kijiji hadi RWC 3 ya kambi nzima. Hao ni viongozi wa wakimbizi. Wanasikiliza ugomvi mdogo na kupatanisha watu. Juu yao yuko komanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM. Polisi nao wana kituo chao na mkuu wa kituo. Kila mmoja ana kazi yake.

2. SHERIA GANI INATUTAWALA HAPA?

Wapo wanaofikiri kwamba kambi ina sheria yake peke yake. Sivyo. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema katika kifungu cha 2 kwamba mkimbizi ana wajibu wa kufuata sheria za nchi iliyompokea. Kifungu cha 16 cha mkataba huohuo kinasema mkimbizi ana haki ya kufika mbele ya mahakama za nchi. Uganda nayo ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006.

Kwa hiyo mwizi aliyeiba kambini anashtakiwa kwa sheria ya Uganda. Na mlinzi aliyempiga mwizi kambini anashtakiwa kwa sheria hiyohiyo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ndiyo sheria kubwa kuliko zote. Haya ndiyo mambo yanayogusa somo letu:

– Kifungu cha 23: mtu aliyekamatwa awekwe mahali palipoidhinishwa na sheria. Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Kama anashukiwa kwa kosa, apelekwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 48 tangu alipokamatwa, isipokuwa ameachiwa kabla ya hapo. Akiomba familia yake ijulishwe, ijulishwe.

– Kifungu cha 24: hakuna ruhusa ya kumtesa mtu, kumtendea kikatili au kumdhalilisha.

– Kifungu cha 27: hakuna ruhusa ya kumpekua mtu wala nyumba yake kinyume cha sheria.

– Kifungu cha 28: mtu anahesabiwa hana hatia mpaka mahakama imwone na hatia, au mwenyewe akiri kosa mbele yake.

Angalieni neno "mtu". Katiba haikusema "raia wa Uganda" katika mambo haya. Ilisema mtu. Mkimbizi ni mtu.

3. MLINZI ANARUHUSIWA KUFANYA NINI?

Anaruhusiwa mengi, na tusimdharau. Kambi yenye walinzi wazuri inalala vizuri kuliko kambi isiyo nao.

a) Kuzunguka kijijini usiku na kuangalia. Mwenye nia mbaya akiona tochi, hugeuza njia.

b) Kuwauliza watu kwa heshima: "Habari za usiku, unatoka wapi, unaelekea wapi?" Lakini mtu akikataa kujibu, kukataa kwake peke yake si kosa la kumkamatia.

c) Kupiga filimbi, kuamsha majirani, kuwasha moto au taa, kuwasindikiza mgonjwa au mama anayekwenda kujifungua.

d) Kupiga simu polisi. Namba za dharura katika Uganda nzima ni 999 na 112. Namba ya kituo cha karibu iandikwe ukutani kwa mwenyekiti wa kijiji ili kila mtu aione.

e) Kumkamata mtu, lakini kwa sababu maalumu tu. Sheria ya Uganda ya mwenendo wa makosa ya jinai inaruhusu mtu yeyote kumkamata anayemwona kwa macho yake akitenda kosa la aina ambayo polisi anaweza kumkamatia bila hati. Inaruhusu pia kumkamata anayeshukiwa, kwa sababu ya maana, kwamba ametenda kosa kubwa la jinai. Mwenye mali naye, au aliyetumwa naye, anaweza kumkamata mtu anayemkuta akiiharibu mali hiyo.

f) Kumkabidhi aliyekamatwa kwa polisi au kumpeleka kituo cha karibu. Sheria inataka jambo hili lifanyike bila kukawia pasipo sababu.

g) Kulinda mahali palipotendeka kosa ili watu wasikanyage alama wala kugusa vitu mpaka polisi wafike.

h) Kuwa shahidi. Hii ndiyo kazi ambayo walinzi wengi wanaisahau, na ndiyo inayomfunga mwizi. Tutairudia mbele.

4. MLINZI HARUHUSIWI KUFANYA NINI?

a) HARUHUSIWI KUPIGA. Nguvu inayoruhusiwa ni ile tu inayotosha kumzuia mtu asikimbie. Mtu akishakaa chini na kutulia, fimbo ya kwanza inayomwangukia ni kosa la jinai.

b) HARUHUSIWI KUMTESA MTU ILI ASEME. Uganda ilitunga sheria ya kuzuia mateso mwaka 2012. Sheria hiyo haiwahusu askari peke yao, inamhusu pia mtu wa kawaida anayemtesa mwenzake ili kumlazimisha akiri, au ili kumwadhibu. Adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani, na mateso ya hali mbaya zaidi yanaweza kuleta kifungo cha maisha. Kusema "mwenyekiti ndiye aliyeniagiza" hakumwokoi mtu. Tena, maneno yaliyopatikana kwa mateso hayakubaliwi mahakamani kama ushahidi dhidi ya aliyeteswa.

c) HARUHUSIWI KUWA NA KASHO. Stoo ya mahindi, darasa, mti wa kufungia watu, choo kibovu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mahali palipoidhinishwa na sheria. Kumfungia mtu humo ni kosa, hata kama mtu huyo ni mwizi kweli.

d) HARUHUSIWI KUTOZA PESA. Kutoza faini, au amandi kama tunavyosema Kongo, ni kazi ya mahakama. Mlinzi akisema "toa shilingi elfu ishirini tukuache", huyo hachukui faini. Anachukua pesa ya mtu kwa vitisho.

e) HARUHUSIWI KUPEKUA NYUMBA WALA MIFUKO. Hata mlinzi akimkamata mtu kwa haki, kumpekua kunamsubiri polisi atakayekabidhiwa. Na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima yote.

f) HARUHUSIWI KUSHIKILIA KARATASI. Karatasi ya familia, kadi ya chakula na kitambulisho si rehani. Familia isiyo na karatasi yake siku ya mgawo italala njaa kwa ajili ya kosa ambalo mtoto na bibi hawakulitenda.

g) HARUHUSIWI KUHUKUMU. Kusema nani ana hatia na alipe nini si kazi yake.

5. TUCHUKUE MFANO: MBUZI ALIYEPOTEA

Mfano huu ni wa kufundishia tu.

Saa nane usiku mama mmoja anapiga kelele: mbuzi wake hayupo. Walinzi wawili wanakuja. Baada ya nusu saa wanamkuta kijana njiani anavuta mbuzi kwa kamba. Mama anamtambua mbuzi wake kwa sikio lililokatwa.

Njia ya kwanza. Watu wanakusanyika. Mmoja anapiga kofi, wa pili anapiga teke, wa tatu analeta mti. Walinzi wanasimama kando, au wanasaidia. Asubuhi kijana yuko hospitali, au yuko mochwari. Polisi wanafika. Sasa hawaulizi habari za mbuzi. Wanauliza: nani alipiga? Majirani wanataja majina. Mlinzi mwenye watoto wanne anapandishwa gari la polisi. Mbuzi mwenyewe, katika vurugu, amekimbia. Mama amepoteza mbuzi, kijiji kimepoteza mlinzi, watoto wanne wamepoteza baba, na mtu amekufa kwa ajili ya mnyama wa sokoni.

Njia ya pili. Walinzi wanamshika kijana mikono, wanamkalisha chini. Wanamwambia kwa lugha anayoijua: "Tumekukuta na mbuzi wa mama huyu, tunakupeleka polisi." Mmoja anasimama kati yake na watu. Mwingine anapiga simu kituoni, anaangalia saa na kuiandika. Wanawaomba watu wawili wazima wakae nao kama mashahidi. Mbuzi anafungwa karibu, hachinjwi, maana ni ushahidi. Polisi wakichelewa, wanamsindikiza kijana hadi kituoni wakiwa watu wanne au watano, si kundi la watu hamsini. Pale kituoni wanahakikisha jina lake limeandikwa kwenye daftari, pamoja na saa aliyokamatwa. Asubuhi mama anarudi kuandikisha maelezo yake, na walinzi yao.

Angalieni ile saa iliyoandikwa. Zile saa 48 za Katiba zinahesabiwa tangu mtu alipokamatwa, si tangu alipofika kituoni. Walinzi wakimkalisha chini ya mti usiku mzima, wamekula muda wa polisi wa kufanya uchunguzi. Wanaodhani wanamkomesha mwizi kwa kumchelewesha wanamsaidia bila kujua.

6. MAMBO AMBAYO HAYASULUHISHWI KIJIJINI

Ugomvi wa mpaka wa shamba, deni dogo, kuku aliyeingia bustanini, matusi kati ya majirani: haya yanaweza kusikilizwa na viongozi na watu wakapatana. Ni vizuri yaishie hapo. Lakini yako mambo ambayo mlinzi, mwenyekiti, mzee wa ukoo au mchungaji hana ruhusa ya kuyamaliza:

– mauaji, na jeraha kubwa la panga, kisu au moto
– kubaka
– kumnajisi mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18
– wizi wa kutumia nguvu au silaha
– kuuza au kusafirisha watu

Hapa nasema kwa uchungu. Bado kuna familia zinazokaa chini na kupokea mbuzi wawili na pesa ya sabuni kwa ajili ya msichana aliyeharibiwa, na mlinzi anaitwa kuwa shahidi wa mapatano. Msichana haulizwi. Wakati wazee wanahesabu mbuzi, saa zinapita. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Hiyo ni siku tatu tu. Mapatano ya siku nne yamemnyima dawa.

Kazi ya mlinzi katika jambo kama hilo ni fupi: ampeleke aliyeumizwa kituo cha afya mara moja, awajulishe polisi, asitangaze jina lake kijijini. Aliyebakwa ashauriwe asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa, kwa sababu nguo hizo ni ushahidi. Matibabu yasisubiri karatasi. Fomu ya polisi itajazwa, nayo haiuzwi. Kwa watoto iko pia simu ya bure namba 116.

Jambo lingine ni watoto wanaotenda makosa. Katika Uganda mtoto ambaye hajafikisha miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mlinzi akimkuta mtoto wa miaka tisa na mahindi ya kuiba, ampeleke kwa wazazi au walezi wake na kumjulisha mfanyakazi wa ulinzi wa watoto. Na mtoto yeyote asiwekwe pamoja na watu wazima waliokamatwa.

7. "MKITUFUNGA MIKONO HIVI, WEZI WATATUMALIZA"

Walinzi wengi wanasema hivyo, na neno lao lina uzito. Wanakesha bila malipo ya maana, kituo kiko mbali, barabara ni matope. Wanamkamata mtu Jumatatu, Jumatano wanamwona sokoni akicheka. Basi wanajiuliza, faida iko wapi?

Kwanza, tuelewe kwa nini anaonekana sokoni. Mara nyingi ameachiwa kwa dhamana ya polisi. Dhamana haina maana kwamba kesi imekwisha. Maana yake ni kwamba atarudi siku aliyopangiwa, na mtu amejiweka mdhamini wake. Dhamana ya polisi ni bure.

Pili, kesi nyingine hufa kweli, na tuseme ukweli kwamba baadhi yake tunaziua sisi. Aliyeibiwa haendi kuandikisha maelezo. Mashahidi wanaogopa, au wanasema "mimi nina shamba la kulima". Mlinzi aliyekamata haonekani tena. Kitu kilichoibwa kimerudishwa nyumbani na kutumika. Polisi wanabaki na mtu asiye na mlalamikaji, asiye na shahidi, na saa 48 zimekwisha. Hapo watafanya nini? Fimbo haifungi mtu gerezani. Maelezo yaliyoandikwa na shahidi anayefika mahakamani ndivyo vinavyomfunga.

Tatu, mipaka hii inamlinda mlinzi mwenyewe. Usiku macho yanadanganya. Kambini tuna makabila mengi, na kila kabila lina kumbukumbu zake za vita. Mlinzi wa kabila moja akimpiga kijana wa kabila jingine, kesho hapatakuwa na habari ya simu iliyoibwa. Patakuwa na habari ya "hao wametupiga tena". Wengi wetu tulikimbia nchi ambazo watu wenye bunduki au fimbo walijifanya polisi, hakimu na mnyongaji kwa siku moja. Tunajua mwisho wake. Tusiulete huku.

Nne, kuwekewa mipaka si dharau kwa wakimbizi. Nchi tajiri hufanya vilevile. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2002, ilianzisha wasaidizi wa polisi wa jamii. Wanavaa sare, wanalipwa mshahara na kutembea mitaani kila siku. Hata hivyo hawana mamlaka ya kukamata ya askari polisi kamili. Wale waliopewa mamlaka ya kumzuia mtu wanaweza kumzuia hadi dakika 30 tu, wakimsubiri askari polisi afike. Kazi yao kubwa ni kujulikana na watu, kusikia habari na kuita polisi. Kama msaidizi mwenye sare na mshahara amewekewa mpaka wa dakika 30, yule wa filimbi na tochi asione mpaka wake kuwa aibu.

8. UFANYE NINI UKIKAMATWA, AU UKIKOSEWA?

Ukisimamishwa na walinzi usiku, usikimbie na usitukane. Taja jina lako na nyumba yako. Uliza kwa utulivu: "Kosa langu ni nini?" Wakisema wanakukamata, omba upelekwe polisi sasa, na familia yako iambiwe. Usitoe pesa. Usipigane, hata kama wamekosea, maana ugomvi utakuwa kosa la pili.

Kituoni, maelezo yako yaandikwe na kusomwa kwako kabla hujatia sahihi au dole gumba. Kama hujui Kiingereza wala lugha ya askari, omba mkalimani. Usitie sahihi kitu usichokielewa.

Kama mlinzi amekupiga, amekufungia au amechukua pesa yako:

– Nenda kituo cha afya kwanza, na majeraha yaandikwe.
– Peleka habari polisi. Mlinzi hana kinga.
– Mweleze mwenyekiti wa RWC na ofisi ya komanda. Wao wanaweza kumwondoa katika ulinzi.
– Ukiogopa ofisi za kijijini, nenda kwenye dawati la ulinzi la shirika, au kwa mfanyakazi wa jamii. Habari yako haitasomwa hadharani.
– Kama aliyekukosea ni askari polisi, polisi wana kitengo cha kupokea malalamiko dhidi ya askari wao. Iko pia Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa chini ya kifungu cha 51 cha Katiba.

Andika tarehe, saa, mahali na majina ya walioona. Lalamiko lenye tarehe na shahidi hupewa uzito kuliko lalamiko la kelele.

9. MASWALI TUNAYOULIZWA MARA NYINGI

Swali: Mlinzi anaweza kuingia nyumbani kwangu usiku kutafuta mwizi?
Jibu: Ukimkaribisha, ndiyo. Usipomkaribisha, yeye si polisi wa kupekua nyumba. Lakini ukipiga kelele za kuomba msaada, kuja kukuokoa ni wajibu mwema wa kila jirani.

Swali: Mume anampiga mkewe. Walinzi wanasema ni mambo ya nyumba. Ni kweli?
Jibu: Si kweli. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010. Mlinzi abishe hodi, aite majirani, amtoe aliye hatarini mahali pa hatari, na awajulishe polisi.

Swali: Mlinzi anaweza kubeba panga?
Jibu: Tochi na filimbi vinatosha kwa kazi ya kuona na kuita. Panga mkononi usiku hugeuza swali dogo kuwa jeraha. Akiona watu wenye silaha asiwakaribie, aite polisi.

Swali: Wanawake wanaweza kuwa walinzi?
Jibu: Ndiyo, na tunawahitaji. Yako mambo ambayo mama hatamwambia kijana wa kiume saa saba usiku, lakini atamwambia mama mwenzake.

Swali: Mwenyekiti akisema "mpigeni", mlinzi afanye nini?
Jibu: Akatae. Mbele ya mahakama kila mtu hujibu kwa mkono wake mwenyewe.

10. YA KUJADILIANA KIJIJINI

Someni somo hili katika kikundi cha watu kumi au kumi na watano, walinzi wakiwemo. Kisha jadilianeni:

1. Katika kijiji chetu, mtu akikamatwa usiku anapelekwa wapi? Inachukua muda gani kufika polisi?
2. Nani ana namba ya kituo? Nani ana simu yenye chaji saa nane usiku?
3. Je, tumewahi kumaliza kijijini jambo ambalo lilipaswa kwenda polisi? Nani aliumia kwa sababu hiyo?
4. Nani yuko tayari kuandikisha maelezo na kwenda mahakamani kama shahidi? Tutamsaidiaje kwa nauli na kwa kazi ya shamba siku hiyo?
5. Je, walinzi wetu wanatoka katika makabila yote na pande zote za kijiji? Wanawake ni wangapi?

KUMBUKA

Mlinzi ANAONA, ANAITA, ANAKABIDHI.
Polisi wanachunguza.
Mahakama inahukumu.

Kijiji kisipopenda mpangilio huu kwa sababu unachelewa, kijiulize kama kinataka ule mwingine, ambao leo unampiga jirani na kesho utakupiga wewe kwa sababu ulitoka nje kwenda chooni bila taa. Mlinzi mwema ni yule ambaye hata aliyekamatwa naye anaweza kumsalimu baadaye bila kuinamisha macho.

 Nasi wengine tuwasaidie walinzi kwa chai, kwa betri za tochi, na zaidi ya yote kwa kukubali kuwa mashahidi.